Mfuko wa kulalia wa manyoya: soma lebo ya ndani kabla ya kulipa

Mfuko huu wa kulalia, uliojazwa manyoya laini ya bata bukini na kushonwa kwa umbo linalopungua upana kuelekea miguuni, unanadiwa kwa namba moja iliyochapwa kwa wino mkubwa: nyuzi 7 chini ya sifuri. Namba hiyo si ya uongo, lakini haitoshi. Lebo ndogo iliyo ndani, karibu na zipu, inataja viwango vya kipimo cha kimataifa cha ISO 23537, na humo nyuzi 7 ni kikomo tu, yaani baridi ambayo mwanamume wa wastani aliyejikunja anaweza kuivumilia usiku kucha. Kiwango cha kulala kwa raha, kinachokadiriwa kwa mwanamke wa wastani aliyejinyoosha, ni nyuzi 1 chini ya sifuri. Hicho ndicho cha kununulia. Kile cha tatu, cha hatari, ni habari ya kunusurika wala si ya kulala.

Ubora wake hauna shaka. Ukitolewa kwenye kifuko chake hufumuka haraka, na ufumukaji huo ndio unaoleta joto, kwani manyoya hayazalishi joto bali hushikilia hewa isiyotembea. Kola ya ndani hukazwa kwa kamba ili hewa ya moto isitoroke shingoni, na nyuma ya zipu pana mkanda mnene unaoziba upepo. Zipu yenyewe, kwa bahati mbaya, huuma kitambaa chepesi cha ndani kila inapofika usawa wa goti, jambo linalokera sana gizani ukiwa umevaa glavu.

Udhaifu mkubwa ni unyevu. Manyoya yakilowa hugandamana na kukosa nguvu, tofauti na nyuzi za viwandani ambazo, ingawa ni nzito zaidi, huendelea kutunza joto kiasi. Kwa hiyo usiingize pua ndani ya mfuko, maana pumzi ni maji; uvae kofia badala yake, na asubuhi uuanike mfuko kabla ya kuukunja.

Mfuko wowote, hata wa bei ya kutisha, haumkingi mtu dhidi ya ardhi, kwa sababu manyoya yaliyolaliwa hubanwa yakawa bapa. Hapo godoro ndilo lenye kauli. Thamani ya R, yaani kipimo cha uwezo wa godoro kuzuia joto la mwili lisipotelee ardhini, hupimwa kwa utaratibu sanifu wa ASTM F3340, na hujumlishwa: mkeka wa povu wenye 2 ukitandikwa chini ya godoro la kujaza hewa lenye 3 hutoa 5, kiasi cha kuridhisha baridi inaposhuka chini ya sifuri. Mwenye fedha chache ningemshauri aanzie huko.

Kuhusu nguo, fulana na suruali nyembamba za sufu zinatosha, zikiwa kavu na zisizo zile ulizotokwa nazo jasho mchana. Pamba iachwe nyumbani, kwani hufyonza maji na kukawia kukauka. Koti nene lisivaliwe ndani ya mfuko mwembamba kama huu iwapo linausukuma na kuyabana manyoya. Ni afadhali litandazwe juu ya mfuko. Aliye mrefu naye achukue toleo refu, kwa kuwa nyayo zinazosukuma ncha ya mfuko huyalaza manyoya pale pale ambapo baridi huanzia.