Kupinga thamani ya kiwanja Mombasa: baraza lina meno, ila halitafuni usichokipakua

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini mwenye kiwanja Kisauni, Nyali au Likoni anaweza kuwamo daftarini na bado akapoteza, kwa kuwa daftari la uthamini, yaani orodha ya viwanja na thamani ambayo kaunti huitumia kutoza, limemwandikia namba isiyo yake. Huduma tunayoipima hapa ni pingamizi la thamani ya ardhi, pamoja na baraza linalolisikiza. Maksi zetu: nguvu za kuchunguza, 8 kwa 10. Urahisi kwa mtu asiye na wakili, 4.

Chini ya ibara ya 209 ya Katiba ya 2010, reti za mali, yaani tozo ya kila mwaka inayohesabiwa kwa thamani, hutozwa na kaunti. Usizichanganye na kodi ya ardhi ya kukodishwa, ambayo huenda serikali kuu. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa katika Sura ya 266, sheria ya zamani ya uthamini wa reti, na pingamizi lilikwenda kwenye mahakama ya uthamini: mwenyekiti hakimu au wakili wa miaka isiyopungua 5, na wajumbe wasiopungua 2 kando yake. Sheria ya kitaifa ya reti ya 2024 iliifuta hiyo na kuleta baraza la kitaifa. Jina limebadilika, lakini makosa ya wapingaji ni yale yale.

Baraza linaweza kumwita shahidi, kumwapisha na kuagiza karatasi ziletwe. Mthamini naye anaruhusiwa kuingia kiwanjani kukagua na kumuuliza mwenye mali ukubwa na matumizi. Hapo ndipo wengi hujichimbia shimo. Bawabu anamrudisha mthamini langoni, naye anakwenda kukadiria kwa ramani na kwa bei ya kiwanja cha jirani. Kama chako kina bonde, au njia ya watu imekikata katikati, ramani haioni.

Udhaifu mkubwa ni kwamba baraza halitoki kutafuta kosa lako mitaani. Linachunguza kilichoandikwa kwenye fomu, na hoja usiyoiandika huna haki ya kuja kuidai siku ya kusikizwa. Kwa hivyo "thamani ni kubwa mno" ni hoja tupu. Andika thamani unayoiona sahihi, kwa shilingi, na sababu yake.

Sababu inayoshinda upesi kuliko zote ni ukubwa. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni mita za mraba 464.5 hivi, yaani hekta 0.0465. Sifuri moja ikidondoka mtu anapoingiza data, kinakuwa 0.465. Tuseme, kwa mfano tu, ardhi ya eneo hilo imethaminiwa shilingi milioni 60 kwa hekta na kiwango ni asilimia 0.5. Reti ya haki ni shilingi 13,950 kwa mwaka, ile ya sifuri iliyodondoka ni 139,500. Kosa hili halihitaji ubishi wa bei. Hati miliki, ramani ya upimaji na matokeo ya sachi, yaani upekuzi rasmi wa rekodi za kiwanja, kutoka masjala ya ardhi zinatosha. Hakikisha pia namba ya kiwanja: MN/I na MN/II (Mainland North) ni sehemu mbili za bara la kaskazini, na namba ile ile inaweza kuwepo kote kuwili. Kiwanja kilichokatwa vipande nacho kiangalie, maana kile mama hubaki daftarini huku watoto wake wakitozwa kila mmoja.

Bei ndiyo ngumu. Thamani inayotafutwa ni ya tarehe ya uthamini, si ya leo wala ya mwaka ulionunua. Mauzo unayoyaleta kulinganisha yawe karibu na tarehe hiyo, eneo lile lile, matumizi yale yale. Matatu yenye karatasi yanashinda kumi ya dalali. Na pale reti inapotozwa kwa ardhi tupu, kulia kwamba nyumba imechoka na bati linavuja ni kupoteza pumzi: ardhi inahesabiwa kana kwamba hakuna kilichojengwa juu yake.

Sasa upande wenye makali. Uwezo wa kuagiza karatasi hukata kuwili. Ukiliambia baraza kiwanja ni cha milioni 4, na sachi inaonyesha rehani ya benki, mthamini ana kila sababu ya kuomba ripoti uliyoipelekea benki. Ikiwa humo umeandikiwa milioni 12, kesi imekwisha. Vivyo hivyo bei uliyoishusha ili ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, usiwe mkubwa. Lakini nawe utumie uwezo huo huo: omba mthamini alete orodha ya mauzo aliyoyatumia na mipaka ya kanda aliyokupangia. Huko ndiko kiwanja cha ndani kabisa hukutwa kimepewa bei ya kile kilichopakana na barabara kuu.

Muda ni adui. Sheria ya zamani ilitoa siku 28 tangu tangazo. Siku hizi shika tarehe iliyochapishwa kwenye tangazo lenyewe. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma hadi siku 21 kukujibu, kwa hivyo barua ya kuomba karatasi za mthamini ipelekwe siku ya kwanza. Fomu iwe nakala mbili, moja irudi kwako na muhuri na tarehe.

Kuna mambo baraza halishughuliki nayo. Asilimia ya reti hupangwa na bunge la kaunti. Ukata wa mfukoni si hoja ya thamani. Huo upeleke hazina ya kaunti kama ombi la msamaha wa riba. Msikiti wa kuswalia ulisamehewa chini ya Sura ya 266, lakini maduka ya wakfu yaliyopangishwa hayakuwamo.

Wenye nyumba bila ardhi, Majengo kwa mfano, wajue kwamba daftari la thamani ya ardhi lina jina la mwenye ardhi. Mzigo ukipanda, humfikia mwenye nyumba kupitia kodi ya kiwanja anayolipa kila mwezi. Pingamizi lenye nguvu ni la wote wawili kwa pamoja, ingawa kuwapatanisha ni kazi nyingine.

Endeleeni kulipa wakati shauri linangoja, mkiandika kwenye barua kwamba mnalipa huku mkipinga. Deni likilala, cheti cha kutodaiwa hakitoki, na bila hicho uhamisho wa hati unakwama.

Mkishinda, msirudi nyumbani na nakala ya uamuzi pekee. Ombeni ukurasa wa daftari uliosahihishwa, kisha ankara mpya, mlinganishe tarakimu moja baada ya nyingine, hasa zile sifuri baada ya nukta.