Uzoefu wangu: Kilifi siku tatu na mama mkubwa, kuanzia Rabai

Anzeni Rabai. Nasema hivyo mapema kwa sababu dereva tuliyemkodi alitusihi tusiende. Alikuwa ameshachelewa saa mbili nzima, na tulipofika Mazeras akapunguza mwendo, akasema, "Mama, Rabai hakuna kitu. Twendeni zetu Malindi mkaone bahari." Mama mkubwa kazaliwa Mombasa, bahari anaiona tangu hajajua kutembea. Akamwambia, "Bahari nimeiacha nyumbani, baba. Pinda hapo." Akapinda.

Rabai ni kilima chenye minazi na upepo mzuri, na makanisa na nyumba za misheni ziko karibu karibu, huhitaji gari tena ukishafika. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kianglikana, alianzisha misheni hapa mwaka 1846 pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Miaka miwili kabla yake, 1844, alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga kule Mombasa, hata hawajamaliza mwaka. Sasa kuna makumbusho madogo yenye jina la Krapf. Ukiingia mbio mbio utatoka baada ya dakika kumi ukijiona umepunjwa. Sisi tulikaa karibu saa mbili, maana mwelekezi alikuwa mtu wa kuongea na mama mkubwa ni mtu wa kuuliza.

Kutoka kilima hiki ndipo Rebmann aliposafiri hadi akauona Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na aliposema ana habari ya theluji karibu na ikweta, wako wasomi wa Ulaya waliomwona mwongo. Mwaka uliofuata Krapf akauona Mlima Kenya. Lakini mimi milima haikunishika sana. Kilichonishika ni kwamba Krapf alikusanya maneno ya Kiswahili, hasa ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, hiki hiki cha bibi zetu, na kamusi yake ikatoka London mwaka 1882 yeye mwenyewe ameshakufa. Rebmann naye alibaki hadi 1875, akaondoka akiwa karibu kipofu. Karibu miaka thelathini kwenye kilima kimoja.

Kuna sehemu nyingine ya habari ambayo ningeomba muiulizie msipoambiwa. Rabai ilikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka mashambani pwani. Mabwana zao walipokuja kuwadai, ikawa vuta nikuvute, na mwanzoni mwa 1889 Waingereza wakalipa fidia ili watoro zaidi ya elfu moja waliokuwa kwenye vituo vya misheni wapewe hati za uhuru. Mama mkubwa akauliza, "Na wajukuu wa hao wako wapi?" Mwelekezi akacheka. "Mama, wengine umewapita hapo barabarani."

Misitu ya kaya ya Warabai, yaani makazi ya kale ya mababu yaliyo matakatifu kwao, iko jirani, na ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Hatukuingia. Kaya si bustani ya kupigia picha, unaingia kwa ruhusa ya wazee na kwa taratibu zao, na sisi hatukuwa tumeomba.

Mnarani, magofu ya Waswahili juu ya mkono wa bahari wa Kilifi, nitaipita haraka kama mama mkubwa alivyoipita. Ngazi za kupandia zilimtosha kuzitazama tu, akaketi chini na dafu lake. Ukiwa na magoti mazima panda: kuna msikiti wa kale, makaburi yenye minara juu yake, mibuyu, na ukigeuka unauona mkono wote wa bahari ya Kilifi chini yako. Mtu wa magoti mabovu asidanganywe kwamba ni "ngazi chache".

Gede ndiyo iliyonirudisha mara ya pili, kesho yake, peke yangu. Uwanja wake ni tambarare na una kivuli kuanzia getini, kwa hiyo hapa hata mzee anatembea kwa raha. Ni mji wa Waswahili uliostawi kwa karne kadhaa na kuhamwa katika karne ya 17. Msitu ukaufunika, hadi James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka 1948. Mwaka 2024 nao umeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kuna msikiti mkuu, jumba la mfalme, na kaburi lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Hayo mtaonyeshwa na kila mwelekezi.

Mimi nawaambia nendeni kwenye nyumba za kawaida. Zimepewa majina kwa vitu vilivyochimbuliwa humo: hii Nyumba ya Makasi, ile ya Kauri. Mama mkubwa aliposikia kauri akatafuta vyombo. Kumbe ni zile simbi za baharini, ingawa sahani za Kichina nazo ziliokotwa Gede kwa wingi. Ndani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa bado zinaonyesha mpango mzima wa maisha: uwanda wa mbele wa kupokelea wageni, kisha vyumba virefu vyembamba, na kadiri unavyoingia ndivyo unavyofika kwa wenyewe wenye nyumba. Kuna choo cha shimo ndani ya nyumba na mahali pa kunawia pembeni yake. Mama mkubwa akainama akatazama, akapima kwa mkono, akasema, "Hiki kimekaa pazuri kuliko cha kwangu." Nilicheka, lakini ni kweli: hakielekei mlango.

Kwa nini watu waliondoka? Hutajwa maji ya visima kushuka, hutajwa mashambulizi ya Waoromo. Kilichonishangaza ni kwamba Wareno walikaa Malindi, mwendo wa kilomita kama kumi na tano tu, na katika maandishi yao jina la Gede halimo.

Angalizo: kima wa Gede hawana haya. Ndizi yangu ilichukuliwa mkononi na aliyeichukua akaimenya mbele yangu. Na msiondoke bila kupita kwenye mradi wa Kipepeo, uliopo hapo hapo tangu 1993, ambako wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuwauza nje wakiwa bado kwenye vifukofuko. Mtu akipata riziki kutoka msituni hana haja ya kuukata.

Msitu wenyewe, Arabuko-Sokoke, niliuendea alfajiri. Una kilomita za mraba kama 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Kodini mwelekezi, tafadhali, bila yeye mtaona miti na mbu. Wangu alisimama ghafla akanishika bega. Sange mmoja, mnyama mdogo wa pua ndefu, makalio ya rangi ya dhahabu kama aliyekalia rangi mbichi, akavuka njia akirukaruka. Sekunde tatu. Bundi mdogo wa Sokoke, ambaye hazidi shubiri kwa urefu, hakutokea, na nililipa bila kinyongo.

Malindi nilitegemea makubwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa Aprili 1498. Mandhari nzuri, upepo mkali, watu wengi wa picha. Robo saa inatosha. Hifadhi ya bahari, ya tangu 1968, tuliiacha, mama mkubwa haingii mashua ya kioo wala ya mbao.

Kikanisa cha Wareno ndicho kilichotukalisha. Kidogo kuliko sebule nyingi, kimeezekwa makuti, na pembeni makaburi. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Dereva alikuwa nje anapiga honi. Mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi, viatu amevivua, anayahesabu makaburi kwa kidole. Akafika mwisho, akaanza tena.