Dibaga ya Firefox na kigeu kilichokosa thamani

Nafundisha vijana kuandika programu hapa Katuba, Lubumbashi, na chombo ninachowaanzishia ni dibaga, yaani kifaa cha kusimamisha programu na kutafuta makosa yake, iliyomo ndani ya kivinjari cha Firefox. Ni ya bure, inafunguka kwa F12, na kama faili ziko kwenye kompyuta yako haikuombi intaneti. Kwa kijana anayenunua megabaiti kidogo kidogo, hilo ni jambo kubwa.

Lakini zaidi naipendea inavyomshughulikia mtu aliyekosea kutangaza kigeu, yaani jina linalobeba thamani. Tunajenga programu ya farmasi. Mwanafunzi anaandika kwenye konsoli, sehemu ya kuandikia maagizo, let jumla = hesabuBei(), yaani tangaza kigeu jumla na ukipe jibu la funsheni (kipande cha programu chenye jina) hesabuBei, kumbe hiyo funsheni bado haipo. Kosa linatokea. Kwa kanuni za JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti, tangu 2015 jina jumla limeshaandikishwa ila halina thamani: ukilisoma ni kosa, ukilipatia thamani ni kosa, ukilitangaza upya ni kosa. Limekwama kama ufunguo uliokatikia ndani ya kufuli. Firefox inalinasua: baada ya kosa, dibaga yenyewe inalipatia jina hilo undefined, yaani thamani tupu, na kijana anaendelea kwa jumla = 4500, franka zake za majaribio. Ujumbe wa kosa ameshauona, kwa hiyo somo halikupotea. Kwa const, tangazo la kigeu kisichobadilishwa thamani, nafuu ni ndogo, maana jina linabaki undefined mpaka ukurasa upakiwe upya.

Kivinjari cha Chrome, tangu toleo la 80 la mwaka 2020, inakubali let ileile irudiwe kwenye konsoli. Wengi wanaisifu kwa hilo. Mimi naona inamzoesha mwanafunzi vibaya, kwani akiihamishia mistari yake kwenye faili moja itakataliwa.

Lawama yangu kwa Firefox ni hii. Ukisimamisha programu katikati ya funsheni, kisha ukatangaza let kwenye konsoli, kigeu hicho kinaishi ndani ya agizo hilo tu, kama ilivyo kwa eval, funsheni inayoendesha maandishi kama programu. Agizo linalofuata halikijui, na hakuna onyo lolote. “Mwalimu, nimekosea herufi?” Hapana, mwanangu, umeandika sawasawa. Onyo la mstari mmoja lingetosha. Kwa sasa nawaambia waandike window.jaribio = 4500 badala ya let, yaani waweke thamani kwenye window, ambayo ni ya ukurasa mzima; hiyo inabaki hata programu ikiendelea, na unaweza kuisoma ukisimama penginepo.