Loyverse kwa agrovet: inafaa mwenye duka ambaye hashindi dukani

Watu wameniuliza sana hii kitu tunauzia nayo dukani ni gani, wacha niandike mara moja. Inaitwa Loyverse, ni programu ya mauzo inaingia kwa simu ama tableti, Android ama iPhone, na ile ya msingi ni bure. Mimi niko na agrovet, duka la mbegu, chakula na dawa za mifugo, hapa Nakuru mjini na tawi dogo Njoro, na nitasema mapema: kama wewe mwenyewe ndio unakaa kaunta asubuhi mpaka jioni na duka ni moja, usijisumbue, daftari na kalkuleta bado zinakutosha. Hii kitu faida yake inaanza siku ile hauko.

Kabla ya hii tulikuwa na programu ya kompyuta, jina nitaiacha, zile za kununua mara moja na leseni inafungwa kwa mashine moja. Ikikwama unapigia fundi, fundi ako Eldoret, atakuja Alhamisi. Hesabu yote ya duka imelala kwa hiyo mashine chini ya meza na bakapu ni flashi yenye pia imejaa nyimbo za rumba. Njoro nao walikuwa wananitumia picha za daftari kwa WhatsApp usiku nianze kuandika upya. Sasa mauzo na stoku zinakaa kwa seva za wenye programu, na kila simu yenye imeingia kwa akaunti inasoma hapo hapo, kwa hivyo nikiwa kwa matatu natoka Molo naona kama Njoro wameuza dairy meal, chakula cha ng'ombe wa maziwa, ama wamekaa tu. Kuna kaprogramu kengine ka Dashboard ka kuangalia mauzo pekee, siku hizi nakafungua kuliko Facebook.

Lakini kitu imenifurahisha sio ripoti, ni shifti. Asubuhi mhudumu anafungua shifti, anaandika chenji iko kwa droo ni ngapi, akitoa ya mtu wa mkokoteni ama ya chai anaandika ametoa na ni ya nini, jioni anahesabu pesa anaingiza, na programu inamwambia zilitakiwa kuwa ngapi na tofauti iko wapi. Yale maneno ya kila jioni ya "boss si nilikwambia nilitoa mia mbili ya makaratasi" yamepungua sana. Nilidhani vijana watasema nawachunga, kumbe wao ndio wameipenda, kwa sababu pesa ikikosekana hakuna anayebebeshwa mzigo wa mwenzake. Hapo sasa ujue kila mhudumu kuwa na jina lake na PIN yake ni sehemu ya kulipia kila mwezi, kwa ile ya bure hautapata. Na wanachaji dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa inagonga kama shilingi 160, mwaka huohuo ikarudi karibu 130, sasa piga hesabu bei ileile inakupandia na kukushukia bila wao kugusa kitu. Ile programu ya zamani ulilipa ukasahau, hii ukiacha kulipa zile sehemu zinazima.

Kwa agrovet shida kubwa ni kupima. Gunia la dairy meal ni kilo 70, mtu wa Bahati mwenye ng'ombe mmoja anataka kilo tano, mwingine anabeba gunia zima. Ukiingiza gunia kama bidhaa moja na kilo kama bidhaa nyingine stoku itakuchanganya kichwa, maana gunia likifunguliwa nani ataliondoa huku aliweke kule? Sisi tunaweka chakula yote kwa kilo, bidhaa unaichagua iuzwe kwa uzito, gunia likiuzwa mhudumu anaandika 70 na bei ya gunia inakuja kama punguzo. Mbegu na dawa ni rahisi, unaskani msimbo wa pakiti na kamera ya simu, basi.

Tarehe za kuisha kwa dawa hizo bado ni macho. Mtu anapita kwa shelfu mwisho wa mwezi na kalamu. Kwa duka la chanjo na dawa za kunyunyizia hilo sio jambo ndogo, na ndio maana kutoka kwangu ni nyota nne sio tano.

Wengi wanaogopa mtandao ukienda. Kuuza kunaendelea bila mtandao, risiti inatoka kwa ile printa ndogo ya Bluetooth, na mtandao ukirudi mauzo yanapanda yenyewe. Mei 2024 zile nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikawa ya kubembeleza, kaunta haikusimama. Ila simu mbili bila mtandao hazionani, huyu anauza ya mwisho na yule anauza ya mwisho, mtandao ukirudi unakuta stoku imesoma minus. Na mwambie mhudumu asifute programu ama kutoka kwa akaunti kabla mauzo hayajapanda, hayo yakienda yameenda.

M-Pesa haijaungwa ndani. Unatengeneza tu aina ya malipo unaipa jina M-Pesa, mteja akilipa kwa till, ile namba ya duka ya M-Pesa, mhudumu anaangalia meseji ndio abonyeze. Kwa hivyo jioni bado nalinganisha orodha mbili, ya till na ya programu, na hiyo kazi sijapata mtu wa kuniondolea. Deni pia tumelifanya hivyo hivyo, aina ya malipo inaitwa Deni na jina la mkulima, ikifika Machi watu wakipanda hiyo Deni inaonekana kuliko pesa taslimu.

Halafu kuna KRA, watu wa kodi. Tangu Januari 2024 mteja wa biashara bila risiti ya eTIMS, ule mfumo wao wa risiti za kielektroniki, hawezi kuweka hiyo gharama kwa hesabu zake za kodi, kwa hivyo shule na mashamba makubwa wakija wanataja PIN yao ya KRA kabla hata ya kusalimia. Sisi tunauza kwa Loyverse halafu tunaandika tena kwa eTIMS, kazi mara mbili. Kama wateja wako wengi ni wa aina hiyo, mimi ningesema tafuta programu ya hapa Kenya yenye imeungwa na eTIMS moja kwa moja hata kama ni ghali, hiyo kazi ya kuandika mara mbili itakula mtu mzima.

Ukiamua kuanza, usiingize bidhaa moja moja kwa simu, andaa faili la Excel upakie yote kwa kompyuta. Na akaunti ifunguliwe na barua pepe yako, sio ya kijana aliyekusaidia kuweka, kwa sababu mwenye hiyo barua pepe ndiye mwenye duka machoni pa programu. Mwisho wa mwezi mimi nashusha faili la mauzo na la bidhaa naweka kwa kompyuta, ile ile ya zamani ya chini ya meza, sasa hiyo ndio kazi yake.