Canonet yangu, na muuzaji aliyeninyang'anya kamera mkononi

Si kawaida yangu kumsema mtu hadharani, lakini jamaa aliyeniuzia kamera ya filamu ya Canonet QL17 pale Kariakoo amenifikisha hapa. Jina simtaji wala duka silitaji. Mwenyewe akisoma atajijua.

Nilikuwa natafuta kamera ndogo ya filamu ya kutembea nayo kwenye mkoba. Zile za zamani ambazo lenzi yake haibadilishwi, na fokasi unaipata kwa kulinganisha picha mbili kwenye kidoa cha manjano katikati ya kioo cha kutazamia, mpaka zikae pamoja ziwe moja. Wajapani walizitengeneza kwa wingi miaka ya 60 na 70. Sifa zake kila mtu anaweza kuzitafuta mwenyewe, kwa hiyo nitasema tu yale yaliyonifanya nichague.

Mezani kwa huyo bwana zilikuwapo tatu: Yashica Electro 35, Olympus 35 RC na Canonet.

Yashica ni nzuri kuitazama, na jina lake hata mama yangu analijua. Lakini shata yake, yaani kile kilango kinachofunguka kupitisha mwanga ufike kwenye filamu, inategemea umeme. Wewe unachagua uwazi wa lenzi, kasi ya shata inajichagulia yenyewe, huna njia ya kuiambia vingine. Betri ikifa unabaki na kasi moja tu ya 1/500 ya sekunde, na ndani ya nyumba yenye taa moja hiyo 1/500 haikupi kitu. Betri yake ya asili ya zebaki, ya volti 5.6, haitengenezwi tena. Watu wanaweka ya volti 6 na kipande cha kujazia nafasi. Inafanya kazi, ila mimi sitaki kamera ambayo betri ikiisha safarini na safari ya picha imeisha.

Olympus ndiyo ndogo kuliko zote, na ndani ya kioo chake unasoma kasi na uwazi, vyote viwili. Canonet inakuonyesha uwazi peke yake. Nilikaribia kuichukua. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba lenzi yake inaishia f/2.8 (namba ikiwa ndogo, lenzi inafunguka zaidi), na picha ninazozipenda mimi ni za watu barazani jua likishazama. Canonet inafika f/1.7, yaani inapokea mwanga karibu mara tatu zaidi. Na shata yake ni ya springi. Betri ni ya mita ya mwanga tu. Ikifa, unakadiria mwanga kwa macho unaendelea na kazi.

Basi nikaishika Canonet. Nikamwambia, "Kaka, naomba nifungue mlango wa nyuma niangalie sponji."

Akainyakua mkononi mwangu. Kweli kabisa, akaivuta. "Dada, usifungue, utaingiza vumbi. Kamera nzima hii, nimeipima mwenyewe."

Kwa asiyezijua kamera hizi: kwenye kingo za mlango wa nyuma kuna sponji nyembamba nyeusi ya kuzuia mwanga usipenye. Sponji ikifika umri huo huoza, ukiigusa inanata vidoleni kama lami ya barabarani saa saba mchana. Mnunuzi yeyote huanzia hapo. Si ukaidi, si ujuaji. Nikamweleza hivyo kwa upole. Akanijibu, "Unanunua au umekuja kunisomesha?" Vijana wa duka la pili wakacheka. Mwishowe akaapa mbele yao kwamba ikiwa na tatizo lolote niirudishe, pesa yangu nitapewa. Lenzi ilikuwa safi, haina ukungu wala mkwaruzo. Nikalipa laki tatu.

Nyumbani nikakuta sponji mpya. Nene, nyeusi, imebandikwa vizuri kwa macho. Mlango ulikuwa mgumu kufunga, ukafunga. Nikaweka filamu niliyoletewa kutoka Dubai, nikaenda Tanga kwa bibi siku za Idi.

Hapa ndipo panaponiuma. Bibi yangu hapendi kupigwa picha. Ukitoa simu anajifunika ushungi anageuka. Kamera hii haikumshtua, shata yake inatoa mlio mdogo tu, na alikuwa anapepeta mchele huku anamsimulia dada yangu habari za ndoa yake. Nilimpiga akicheka. Akishika ungo. Akinitazama moja kwa moja, jambo ambalo sikumbuki kulipata tangu nizaliwe. Filamu ikapelekwa Nairobi na mtu anayesafiri, nikasubiri kwa hamu.

Picha zimeungua. Karibu filamu yote. Mstari wa rangi ya chungwa umepanda kutoka ukingoni, na ile aliyonitazama umempitia juu ya jicho la kushoto mpaka kwenye ushungi. Ungo unaonekana vizuri sana, hata punje za mchele zinaonekana. Uso wake ndio umeliwa.

Nikarudi Kariakoo na picha mkononi. Hata hakuzishika. "Kamera ya miaka ya sabini unataka iwe kama mpya? Ukitaka picha nzuri si una simu?" Nikamkumbusha kiapo chake. "Una risiti?" Risiti hakunipa, na alijua hakunipa. Sikuenda pale kugombana; nilitaka tu aseme pole. Kumwambia mtu pole kunagharimu nini?

Wiki zile nilimwambia kila rafiki anayeulizia kamera kwamba Canonet si ya kununua, achukue Olympus afunge mjadala. Nilikuwa tayari kuiuza kwa bei yoyote.

Ni mjomba aliyenipeleka kwa fundi mmoja mzee upande wa Ilala. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, lete tuone." Akafungua mlango, akapitisha ukucha juu ya ile sponji, akatikisa kichwa. Ni sponji ya kuzibia madirisha. Imebandikwa juu ya ile ya zamani iliyooza, kwa hiyo mlango upande wa bawaba haukai sawa, na mwanga unaingia hapo hapo. Akanionyesha alama kwenye rangi mahali mlango ulipokuwa unasukumwa kwa nguvu. Aliyebandika alijua anachoficha, ndiyo maana hakutaka mtu afungue.

Mzee akakwangua uchafu wote kwa kijiti cha mshikaki na spiriti, taratibu, akifuta kila mara asiangushe kitu kwenye shata. Kwenye mifereji akalaza uzi wa sufu mweusi, wa kufumia masweta, ukajaa sawasawa. Upande wa bawaba akaweka kitambaa cheusi chenye manyoya mafupi. Halafu akatoa betri, akacheka kwa huzuni: kibetri cha volti 1.5 kimezungushiwa karatasi ya fedha ya sigara. Kamera hii ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35. Ukiizidishia, mita inadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, picha zinatoka na giza. Akaniambia ninunue betri namba 675 za vifaa vya kusaidia kusikia, zina volti 1.4, nizivishe kipete cha mpira zikae katikati. Ukishabandua stika yake hazikai muda mrefu, lakini zinasoma vizuri.

Kazi yote alinidai elfu kumi na tano. Nilimwongeza, akakataa, nikaiacha mezani.

Filamu ya pili imetoka. Hakuna mstari hata mmoja. Nimewapiga wauza kahawa usiku kwa taa ya balbu tu, na unaona mvuke wa birika na unaona macho ya watu. Hivyo nayafuta niliyowaambia rafiki zangu. Canonet ndiyo kamera, na lenzi ile sibadilishani na mtu. Kile kimkono kidogo cha kusukumia fokasi, kidole kinakizoea mpaka huhitaji kutazama. Kama unapiga mchana tu na unataka kitu chepesi, Olympus bado naiheshimu, pengine ingekufaa zaidi. Lakini usiku, hapana, usiku Canonet.

Bibi nimemwomba tena. Amesema nimeshampiga, inatosha.

Huyo bwana bado anauza. Yashica ile bado ipo mezani, "nzima kabisa, imepimwa". Ukienda, nenda na kurunzi, na ufungue mlango wa nyuma kabla hujatoa hata shilingi. Ukivuta wenzo wa kusogeza filamu kwenye hiyo Yashica, sikiliza kama ndani kuna mgoto wa wazi. Usipousikia, kipande cha mpira kilicho ndani kimeoza na shata haitamsikiliza mtu. Akikunyang'anya mkononi, muage uondoke.