Uzoefu wangu na mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: kikundi cha wanawake wakoboaji wa mpunga mkoani Mbeya

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake kinachonunua mpunga wa bonde la Usangu, kuukoboa, kuuchambua na kuuza mchele uliofungashwa. Kikundi chetu kimekopa kutoka kwenye fedha za asilimia 10 za halmashauri, kimerejesha mkopo wote, na sasa kimeomba tena. Naandika kwa ajili ya wanawake wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa ambao wana kikundi kilichosajiliwa na wanajiuliza kama mkopo huu unafaa kuufuatilia. Kwa maoni yangu unafaa sana kwa kununulia mashine na vifaa, unafaa kidogo tu kwa kununulia mazao, na hauulizi lolote kuhusu hali ya wanawake ambao kikundi kinawapa kazi bila wao kuwa wanachama. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike kwa urefu.

Kwa asiyeufahamu mkopo huu, marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa yanaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 kwa ajili ya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo wenyewe hautozwi riba. Kabla ya hapo kutenga fedha hizo lilikuwa jambo la maelekezo tu, na halmashauri iliyokuwa na mahitaji mengine iliona rahisi kuyaweka maelekezo hayo pembeni. Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo, baada ya ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha kwamba fedha nyingi hazikurejeshwa na kwamba baadhi ya vikundi vilivyokopeshwa havikuwapo. Iliporejeshwa mwaka 2024, halmashauri 10 zilichaguliwa kuanza kutoa mikopo kupitia benki, na zilizobaki zikaendelea kutoa zenyewe kwa masharti yaliyokazwa. Sisi tulikopa katika hizo zilizobaki.

Masharti si mepesi, lakini hayamzuii mtu mwenye shughuli ya kweli. Tulitakiwa kuwa na cheti cha usajili wa kikundi, katiba, akaunti ya benki yenye jina la kikundi, andiko la mradi, vitambulisho vya NIDA vya wanachama wote na muhtasari wa kikao ambacho kila mmoja ametia sahihi kukubali deni. Maombi huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki, jambo ambalo kwa kikundi kisicho na mwanachama anayemudu kompyuta humaanisha kumlipa kijana wa kibanda cha kutoa nakala ili awasaidie, na si kila kijana wa huko anaelewa kinachoulizwa. Ningeshauri kata zote ziwe na siku maalumu ambayo afisa maendeleo ya jamii anakaa na vikundi na kujaza pamoja navyo.

Afisa wetu anastahili sifa. Hakuridhika na karatasi. Alikuja kwenye banda letu, akatuomba tupime gunia la mpunga mbele yake, tulikoboe, kisha tupime mchele, chenga na pumba kila kimoja peke yake. Mpunga uliokauka vizuri hutoa kati ya kilo 60 na 65 za mchele kwa kila kilo 100, lakini ukikobolewa ukiwa bado na unyevu, chembe hukatika, chenga huwa nyingi, na faida yote iliyoandikwa kwenye andiko huondoka nazo. Alitaka kuona kama hesabu zetu zimeandikwa kutoka kwenye mizani au zimenakiliwa mahali. Aliuliza pia chenga tunamuuzia nani na pumba zinakwenda wapi, kwa kuwa wafugaji wa kuku na nguruwe huzinunua na kikundi kisichoandika mapato hayo kinaficha sehemu ya biashara yake au hakiijui. Ukaguzi wa namna hiyo, ukifanywa kila mahali, ungeziba mianya mingi iliyosababisha mikopo isitishwe.

Tatizo kubwa lilikuwa wakati. Mpunga wa Usangu huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai, na hapo ndipo bei ya gunia huwa chini kwa sababu mkulima ana ada ya shule, ana deni la mbolea na hana ghala. Mnunuzi mwenye fedha mwezi Juni ananunua, anaanika, anahifadhi, na kuanzia Novemba anauza mchele kwa bei nzuri. Andiko letu lilijengwa juu ya kalenda hiyo. Fedha ziliingia kwenye akaunti mavuno yakiwa yamekwisha na bei imeanza kupanda, na tulipewa pungufu ya tulichoomba, hivyo magunia tuliyoyapata hayakufika hata nusu ya yale tuliyopanga.

Nimelifikiria sana jambo hili, na siamini kwamba ni uzembe wa mtu mmoja. Halmashauri za kilimo hupata sehemu kubwa ya mapato yake ya ndani kutokana na ushuru wa mazao, na ushuru hukusanywa mazao yanapotoka shambani. Maana yake ni kwamba mfuko wa asilimia 10 hujaa katika miezi ileile ambayo wanawake wanahitaji fedha mkononi ili wanunue. Ikiongezwa hatua ya kamati ya kata, kamati ya halmashauri, uhakiki na mikataba, fedha haiwezi kumfikia mwanamke kabla mpunga haujaingia kwenye maghala ya wafanyabiashara wakubwa. Dawa yake ipo: makusanyo ya msimu huu yatengwe kwa ajili ya msimu ujao, na vikundi vya mazao vichambuliwe kati ya Januari na Aprili ili mikataba iwe imesainiwa mvua zinapokatika. Wenzetu wa viazi na maharage, ambao wengine huvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka, wangehitaji kalenda ya kwao.

Marejesho nayo yalipangwa kwa mtindo mmoja kwa vikundi vyote. Mkataba wetu ulitupa miezi mitatu ya kujipanga, kisha tukaanza kulipa kiasi kilekile kila mwezi. Kwa mama lishe au fundi cherehani anayeingiza fedha kila siku, mpango huo unafaa kabisa. Kwa mtu ambaye fedha zake zimelala ndani ya magunia hadi Novemba, unamlazimisha kuuza mapema na kwa bei ya chini ili asivunje mkataba. Tulichofanya ni kulipa marejesho ya mwanzo kutoka kwenye kikoba chetu, yaani mfuko wetu wa kuweka akiba na kukopeshana, na naweza kusema bila kusita kwamba kikundi kisicho na akiba yake ya ndani kisikope fedha hizi kwa ajili ya mazao.

Pamoja na hayo, sijaona mkopo mwingine wenye unafuu kama huu katika eneo letu. Kikoba tunakiheshimu, kwa sababu hisa ni zetu, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, lakini mtaji wake ni mdogo, na mwisho wa mwaka tunagawana. Taasisi za mikopo midogo zilizosajiliwa zina utaratibu unaoeleweka, ila riba yao ya kila mwezi hula faida ya mchele, ambayo kwa kawaida ni nyembamba. Nje ya hapo kuna mikopo ya kausha damu, yaani ya wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa. Mwanachama mwenzetu aliwahi kukopa huko kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi ili alipie matibabu ya mtoto, na wakopeshaji walichukua kabati, televisheni na cherehani, deni likabaki palepale. Mkopo wa halmashauri ulipotoka, jambo la kwanza tulilokubaliana kwenye kikao ni kwamba hata shilingi moja isiende kuzima madeni ya namna hiyo, na badala yake tukafungua ndani ya kikoba mfuko wa dharura usio na riba. Uamuzi huo umetuokoa.

Fedha nyingi za mkopo tuliziweka kwenye mashine ya kuchambua mchele, inayotenganisha mawe, chuya na chenga, na hapa ndipo penye jambo ambalo fomu za mkopo hazikuligusa. Kabla ya mashine, kazi hiyo ilifanywa na wanawake vibarua. Walikaa chini juu ya magunia matupu tangu asubuhi, ungo magotini, wakipepeta na kuokota chuya moja baada ya nyingine, na walilipwa kwa gunia. Aliyekuwa na mtoto mgongoni alimaliza machache, na malipo yake yakawa machache. Vumbi la pumba liliwakohoza wote. Mashine ilipofungwa, kazi ya siku nzima ya watu wengi ikawa kazi ya saa chache, na kikundi kilichokopeshwa ili kuwainua wanawake kiuchumi kikajikuta kinajadili ni wanawake gani waondoke.

Majadiliano yale yalikuwa mazito kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Baadhi yetu walisema biashara ni biashara, na mkopo lazima urudi. Wengine, mimi nikiwa mmoja wao, tulisema hatuwezi kujiita mradi wa wanawake huku tukiwafukuza wanawake maskini kuliko sisi. Tulikubaliana kuwabakiza baadhi kwenye kupima, kufungasha na kusimamia uanikaji, kwa mkataba wa maandishi, mshahara wa mwezi, muda wa kazi usiozidi saa 45 kwa wiki na likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka, na michango yao inapelekwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Tulinunua barakoa na meza, na hakuna tena anayefanya kazi akiwa amekaa sakafuni. Hata hivyo hatukuweza kuwabakiza wote. Waliobaki nje walirudi kwenye vibarua vya mashambani, na bado linaniuma.

Shirika la Kazi Duniani limekuwa likisisitiza kazi za staha tangu mwaka 1999, na viongozi wetu huzitaja mara kwa mara kwenye hotuba, lakini taarifa ya utekelezaji tunayojaza inauliza mambo matatu tu: idadi ya wanachama, kiasi kilichorejeshwa na kiasi kilichobaki. Wanufaika wanaohesabiwa ni sisi wenye majina kwenye katiba. Kikundi kinachowalipa vibarua wake ujira wa kudhalilisha na kikundi kinachotoa mikataba huonekana sawa kwenye taarifa, na kwa kweli kile cha kwanza kinaweza kuonekana bora kwa kuwa kitarejesha haraka zaidi. Sitaki halmashauri igeuke polisi wa ajira wa vikundi vidogo. Nataka ijue fedha zake zinazalisha kazi za namna gani, na kikundi kinachoajiri kwa haki kipewe muda mrefu zaidi wa marejesho.

Kuhusu dhamana ya pamoja, nina machache. Mwanachama akihama au akifiwa, wengine hubeba sehemu yake, kwa hiyo kikundi kiundwe na watu wanaofanya kazi pamoja tayari. Vikundi vilivyokusanywa wiki mbili kabla ya maombi, vingine kwa msukumo wa mwanamume anayetaka fedha zipite kwa jina la mkewe, tumeviona vikivunjika mara fedha zinapoingia.

Maombi yetu mapya hayana mpunga ndani yake. Tumeomba fedha za maturubai ya kuanikia, kipimo cha unyevu na ukarabati wa ghala, kwa sababu vitu hivyo havina msimu na marejesho ya kila mwezi yanaweza kutoka kwenye ada tunayowatoza wakulima wanaoleta mpunga wao kuchambuliwa. Tumeambatisha pia ukurasa ambao haukuombwa, unaoonyesha tumeajiri wangapi, wanalipwaje, wanafanya kazi saa ngapi na michango yao inakwenda wapi. Afisa wetu ameupokea na kusema atauwasilisha kwenye kamati pamoja na nyaraka nyingine. Naviomba vikundi vinavyoandaa maombi msimu huu, viwe vya parachichi Rungwe au vya vikapu vya milulu Iringa, viambatishe ukurasa kama huo, ili kamati zikiupata kutoka vikundi vingi zione haja ya kuuingiza kwenye fomu yenyewe.