Uzoefu wangu na shamba darasa la nyanya, Chanika

Kama unalima mboga pembezoni mwa Dar es Salaam na kata yenu ina shamba darasa, yaani shamba ambapo wakulima hujifunza pamoja kwa kujaribu wenyewe, jiunge. Nimemaliza msimu mzima na kikundi chetu hapa Chanika, na sijapata huduma ya ugani iliyonifaa kama hii.

Nilizoea bwana shamba anayekuja, anaeleza, anaandika jina la dawa na kuondoka. Huyu bibi shamba wetu alitupimia vipande viwili: kimoja tulime kwa mazoea yetu, kingine kwa njia tunayoijaribu. Kila wiki tunaingia shambani kwa makundi madogo, tunahesabu wadudu kwenye majani, tunashika udongo, tunachora tulichokiona kwenye karatasi kubwa, halafu tunabishana. Kupiga dawa au kutopiga tunaamua sisi. Utaratibu huu ulianzia kwenye mashamba ya mpunga Indonesia mwaka 1989, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) likisaidia, shabaha ikiwa kupunguza viuatilifu, na shabaha hiyo bado inaonekana.

Mtihani wetu ulikuwa kantangaze, nondo mdogo anayeshambulia nyanya. Kiwavi wake hula katikati ya ngozi mbili za jani, kwa hiyo dawa nyingi hupita juu tu. Tulikubaliana kuchuma majani yenye michirizi na kuyafukia, kuweka mitego, na kung'oa masalia yote ya nyanya za msimu uliopita. Kipande cha majaribio kilipigwa dawa mara chache kuliko kile cha mazoea, na dalali aliyekuja kununua alianza na matenga ya huko. Jamani, nilifurahi! Mboga hizi wanakula watoto wetu wenyewe.

Kuna kasoro. Kwanza tulikutana asubuhi, wakati kina mama wengi wako sokoni na mchicha wao. Waliposema, tukahamia alasiri, na mahudhurio yakapanda. Masoko hayakufundishwa kabisa, ingawa bei ndiyo inayotuumiza zaidi.

Ukitaka kujiunga, anzia kwa mtendaji wa kata au afisa ugani. Ila uliza kwanza zao limechaguliwa na nani. Sisi tulipiga kura. Kikundi cha jirani zetu kililetewa zao kutoka juu, na watu walianza kupungua hata palizi ya pili haijafika.